WAZO LA LEO: Jua Gharama ya Kukosa

Mvuvi wa Mkwaja, kusini mwa Pangani, akitoka na ngalawa wakati wa kusi, hutazama kwanza mawimbi yanapasukia wapi kwenye miamba, ndipo akaze demani, kamba ya tanga. Mchezaji wa gofu aliyesimama mbele ya maji ana kazi hiyohiyo.

Chukua shimo la 16 la Cypress Point, huko California, kazi ya msanifu Alister MacKenzie iliyofunguliwa mwaka 1928. Anayelenga shimo moja kwa moja lazima auvushe mpira takriban mita 200 juu ya Bahari ya Pasifiki. Kushoto kuna nchi kavu: atakayepita huko huenda akatumia pigo moja zaidi, lakini mpira anabaki nao. Ukizama, anaongezewa pigo la adhabu.

Mandhari ile inavutia, na hapo ndipo wengi huponzwa. Macho yakishiba uzuri, mkono hujiona una nguvu usizokuwa nazo. Kabla ya kushika fimbo, uliza mambo mawili: upepo unatoka wapi, na nikikosa, mpira utaangukia wapi?

Tuulize hivyo hivyo mbele ya mkopo, biashara mpya au kazi ya mbali. Kama hasara yake unaimudu, piga kwa moyo wote, maana woga nao haujengi. Kama huimudu, shika njia ndefu bila haya. Nayo inafika.