Kutunza Mnyama wa Mwingine

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa anawapa Waisraeli amri ambayo wasomaji wengi huipita upesi. Mtu akimwona ng'ombe au kondoo wa ndugu yake amepotea, asijifanye kuwa hakuona. Na ikiwa mwenyewe yuko mbali au hajulikani, amchukue mnyama nyumbani kwake, akae naye hata mwenyewe atakapomtafuta, kisha amrudishie.

Mambo mawili yamo humo, kutunza na kurudisha, na la pili ndilo gumu. Mwezi wa Machi 2025 vita vilipofika Walikale, watu wengi walikimbia wakaacha mali yao. Mkatekumeni aliyekuta mbuzi wa jirani akitangatanga, akamfunga katika ua wake na kumlisha, amefanya vema. Lakini miezi ikipita, mbuzi akazaa, moyo huanza kunong'ona: Huyu sasa ni wetu. Sivyo. Hata wana wa mbuzi ni wa jirani. Akirudi, aweza kumpa mtunzaji mmoja kwa shukrani, mtunzaji hajigawii.

Katika misitu ya Bisie yuko mnyama mwingine ambaye watu humdhania hana mwenyewe. Tangu kasiterite ilipovumbuliwa huko mwaka 2002, maelfu waliingia msituni kuichimba, na vyakula vyao vilibebwa mgongoni kutoka Ndjingala. Nyama ya porini ikawa biashara. Gorila jike hamwachi mtoto wake. Basi mwindaji humwua mama kwanza, nyama ikauzwa, na mtoto akafungwa kamba mlangoni pa nyumba. Sura ile ile ya 22 inakataza kumtwaa ndege pamoja na makinda yake. Ni ndege tu, lakini Mungu hakumsahau.

Je, mtu mwema amnunue mtoto yule ili amlee? La. Fedha yake itamrudisha mwindaji msituni kwa mama mwingine. Sheria ya nchi nayo inakataza kumfuga. Tena kiumbe kile huambukizwa mafua ya watu, na asipopata maziwa na joto la mwili hufa upesi. Afadhali habari ipelekwe kwa askari wa hifadhi, walio chini ya ICCN, ili yatima afikishwe kwa wenye kujua kumlea.

Walezi hao wako Kasugho, katika Lubero, kwenye kituo cha GRACE kilichoanzishwa mwaka 2009. Yatima akifika, mlezi hukaa naye mchana na usiku, humbeba na kulala karibu naye, kama mama yake angalifanya. Kisha hufika wakati wa kumwachia, naye huingizwa katika kundi la wenzake. Jike mmoja, aitwaye Pinga, amewalea wadogo ambao hakuwazaa.

Wako wanaonung'unika: Watoto wa watu wana njaa kambini, na mnyama anapewa maziwa! Neno hili lisidharauliwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ipasayo kwanza kuondoa taabu ya wanadamu; na papo hapo inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua bure ni kinyume cha heshima ya mtu. Basi mtoto wa mkimbizi hula kwanza. Lakini aliyemwua mama kwa faida asijifiche nyuma ya mtoto huyo mwenye njaa.

Mwaka 2024 majike wanne waliolelewa Kasugho waliachiliwa katika Mlima Tshiaberimu, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mmoja wao anaitwa Ndjingala, jina la pale pale ambapo wapagazi wa Bisie walijitwika mizigo yao. Walezi walimlisha miaka mingi. Siku ile aliingia msituni kujitafutia majani mwenyewe.