Shahidi si Mtazamaji

Yako maswali ambayo vijana wa siku hizi huwauliza wazazi wao, na wazazi wakakosa la kujibu. Mojawapo ni hili: Je, kuna ubaya gani mtu kutafuta mchumba mbele ya kamera za televisheni? Hakuna aliyelazimishwa, hakuna aliyeibiwa, na watu wote wanacheka. Swali hili halifai kupuuzwa, wala halijibiwi kwa kukunja uso.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Kampuni ya StarTimes imeonyesha katika Tanzania, Kenya na Zambia shindano liitwalo “Hello Mr Right”. Mabinti husimama safu, kila mmoja na taa yake. Kijana mwanamume huingia na kujieleza, na binti asiyependezwa naye huzima taa. Zikizimika zote, kijana hurudi alikotoka mikono mitupu, nchi nzima ikimtazama. Mtindo huu ulianzia Australia mwaka 2008, ukapata nguvu nyingi China tangu mwaka 2010, na mwishowe ukafika kwetu. Tangu mitambo ya zamani ya televisheni ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi vimeenea hata hapa Itigi, kando ya reli ya kati. Michezo hii huingia nyumbani saa ile ile ya sala ya jioni.

Wako wazee wasemao kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema. Tusidanganyane. Ni mabinti wangapi waliozwa pasipo kuulizwa neno, wakalia njia nzima hadi kwa mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yadai hiari ya wote wawili. Nalo Kanisa lafundisha kwamba ridhaa ya waoanao ndiyo ifanyayo ndoa, wala hakuna mwanadamu awezaye kuitoa kwa niaba yao. Binti mwenye taa yake aweza kusema “sitaki”, na neno lake likasimama. Hilo ni jema, nasi hatulikatai.

Wala hatusemi kwamba uchumba ufichwe. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulipinga ndoa za siri, ukaagiza zitangazwe kanisani na kufungwa mbele ya paroko na mashahidi. Serikali nayo yataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Basi, kama ubaya hauko katika kuchagua kwa hiari, wala katika kuonekana na watu, uko wapi?

Twaona uko hapa: shahidi si mtazamaji. Wote wawili wana macho, na wote huona jambo lile lile. Lakini shahidi hufungwa na aliyoyaona, na mtazamaji hafungwi na lolote. Tazameni desturi za Wagogo. Ng'ombe wa mahari walitolewa na jamaa wengi, wakagawiwa jamaa wengi. Ndoa ikiyumba, wote hao walikuwa na la kuulizwa, maana wengine walitoa na wengine walipokea. Mshenga naye aliyekwenda na posa ndiye aliyeitwa mume na mke walipogombana. Watu hao walikuwa na haki ya kuutazama uchumba kwa sababu walikuwa na wajibu wa kuubeba. Mtazamaji wa televisheni hana wajibu huo. Wawili wale wakiachana mwezi ujao, yeye atakuwa anatazama wengine.

Fikirini pia juu ya kukataliwa. Mshenga hakuwekwa kwa ajili ya kupeleka habari njema tu. Aliwekwa ili hata neno la “hapana” lipite taratibu, kwa lugha ya staha, kijana aliyekataliwa aweze kesho yake kumsalimu baba wa binti bila kuinamisha uso. Katika shindano kukataliwa ndiko kunakouzwa, kwani taa zisipozimika hakuna atakayetazama. Aibu ya mtu imefanywa kitoweo cha wengine.

Tena, asemaye mbele ya watazamaji husema kwa ajili yao. Mwaka 2010, katika shindano la namna hii huko China, mshiriki mmoja alisema kwamba ni heri alie ndani ya gari la BMW kuliko kucheka juu ya baiskeli. Maneno hayo yakavuma dunia nzima, na serikali ikatoa masharti mapya kwa vipindi hivyo. Kama ndivyo alivyoamini moyoni, au kama alitaka kuvuma tu, mtazamaji hawezi kujua, na mchumba hawezi pia. Wako mama wema katika nchi yetu waliopelekwa kwa waume zao juu ya baiskeli, na nyumba zao zimesimama.

Mwaka 2007 Mtanzania Richard Bezuidenhout alishinda “Big Brother Africa”, akapewa dola 100,000 za Marekani. Alikuwa mtu mwenye mke. Na uhusiano wake na mshiriki mwenzake kutoka Angola ulitazamwa na bara zima. Yeye hatumhukumu. Twauliza juu ya maelfu waliotazama na kupiga kura: ni nani kati yao aliyejiona ana deni lolote kwa mke yule? Kupiga marufuku nako hakutoshi. Mwaka 2003 Bunge la Malawi lilizuia kipindi hicho hicho kisionyeshwe katika televisheni ya taifa, kisha mahakama ikaitengua amri hiyo.

Dawa iko karibu zaidi, nayo ni chungu. Desturi ya utazamaji imekwisha kuingia hata katika harusi zetu wenyewe. Kamati huundwa, michango hukusanywa, watu hula, hucheza, hupiga picha kwa simu. Miezi sita ikipita, wale wawili wakigombana usiku, hakuna hata mmoja wa wanakamati anayebisha hodi. Matangazo ya ndoa husomwa kanisani, nasi huyasikia kama habari za mvua ya nchi nyingine. Kijana ambaye nyumbani hana wa kumsikiliza, je, ni ajabu akienda kutafuta masikio ya wageni?

Basi, enyi wazazi, kabla ya kuzima televisheni, muulizeni mwanenu hivi: “Huyu uliyemcheka leo, kesho utamfanyia nini?” Swali hilo litamfundisha kuliko fimbo. Kisha akileta habari za mchumba, msikilizeni mpaka mwisho bila kuanza na mahari. Na ninyi mliowasimamia wengine siku ya ndoa yao, nendeni mkawaone juma hili, hata kama hawakuwaita. Mlisimama pale kama mashahidi, na kazi ya shahidi haikomi jioni ya harusi.