Mapasa nyumbani: imani inakaa wapi?



Kuna ulizo linalorudi kila mara katika vikao vya wamama, nasi tumeona vema tulijibu mbele ya wote. Mama mwenye mimba ya mapasa akikataa kwenda hospitali, akazalia nyumbani mikononi mwa wazalishaji wa kijiji, je, ameonyesha imani au amemjaribu Mungu? Na yule aliyefunga nguo zake akaenda hospitali mapema, je, amepungukiwa imani?

Kwanza tuseme jambo moja wazi. Mapasa ni baraka. Katika nchi yetu yote Mama Mapasa anapewa heshima yake, na watoto wenyewe wana majina yanayowangoja kabla hawajazaliwa: kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga, kwa Wakongo ni Nsimba na Nzuzi. Basi hatuandiki haya ili kumtia mtu hofu juu ya zawadi ya Mungu.

Jambo la pili: tusiwadharau wamama wazalishaji. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulipokelewa na mikono yao. Mwaka 1993, wakati vita vilivyoanza kwenye soko la Ntoto huko Walikale vilipoenea hadi Masisi, watu walikimbia wakiacha nyumba na mashamba. Mimba haingoji amani. Wamama walizaa njiani na porini, na aliyekuwa karibu ni mzalishaji, si daktari. Tangu mwaka ule vita vimerudi mara nyingi, na kila mara wamama hao wameamshwa usiku, wakaenda, pengine bila kulipwa hata sabuni. Anayewacheka amesahau alikotoka.

Lakini upendo unasema ukweli. Kuzaa mapasa si kuzaa mtoto mmoja mara mbili. Mara nyingi mapasa huja kabla ya miezi kutimia, nao ni wadogo, wanapatwa na baridi upesi. Wa kwanza akitoka vizuri, nyumba nzima hupiga vigelegele, kumbe kazi ngumu haijaisha. Wa pili sasa amepata nafasi tumboni, anaweza kugeuka na kulala kwa upana, au kitovu chake kinaweza kumtangulia. Kondo la nyuma linaweza kubanduka naye bado yumo ndani. Na wakiisha kutoka wote wawili, tumbo lililovutwa sana linaweza kuchoka lisijikaze tena, damu ikamwagika. Mama mwenye afya nzuri anaweza kufa kwa damu hiyo kwa muda wa saa mbili tu. Hapo mkono wenye ustadi hautoshi. Panahitajika sindano ya kukaza tumbo, damu ya kuongeza, na pengine chumba cha kupasulia.

Neno la Mungu lenyewe halifichi jambo hili. Katika Mwanzo sura ya 38 Tamari anazaa mapasa. Mmoja anatoa mkono kwanza, mzalishaji anaufunga uzi mwekundu, kisha mtoto anaurudisha mkono ndani na ndugu yake anatoka mbele yake. Tunapenda kuhubiri juu ya Peresi na Zera, lakini tumuulize mzalishaji yeyote mwenye miaka mingi kazini: mkono ukitangulia, moyo wako unafanyaje? Atawajibu kwamba unatetemeka. Zera aliurudisha mkono wake. Wengi hawaurudishi.

Tena rudini nyuma kidogo, sura ya 35. Raheli, mke mpendwa wa Yakobo, anashikwa na uchungu njiani kwenda Efrata. Mzalishaji yupo kando yake, anamtia moyo asiogope. Mtoto anazaliwa, Raheli anakufa. Angalieni, wapendwa: Maandiko hayasemi kwamba Raheli alikosa imani, wala hayamlaumu mzalishaji. Wote wawili walifanya walichoweza, mahali pasipokuwa na msaada mwingine. Lakini sisi tulio na msaada mwingine, tukiuacha kwa hiari yetu, hatuwezi kujificha nyuma ya kaburi la Raheli.

Basi imani inakaa wapi? Haikai katika nyumba ya majani, wala haikai chini ya mabati ya hospitali. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba katika nchi yetu vizazi nane kwa kumi vilifanyika ndani ya majengo ya afya. Hata hivyo ulihesabu vifo vya wamama 846 kwa vizazi hai 100,000. Jengo peke yake haliokoi. Kuna anayeletwa amekwisha kumwaga damu yote, na kuna anayefika mahali pasipo na dawa. Wakati una nguvu kuliko mahali. Imani yenye kuokoa ni ile inayosema ukweli mapema na kuufuata kwa miguu.

Kwa hiyo tunasema: heshima ya mzalishaji haipimwi kwa watoto aliowatoa tu, inapimwa pia kwa siku aliyosema, «Hii inanipita.» Anapopapasa tumbo akasikia vichwa viwili, au tumbo likiwa kubwa kupita miezi yake, aseme siku ileile. Asingoje uchungu uanze ndipo aseme. Mzalishaji anayenyamaza ili asipoteze sifa yake anaiba maisha ya mtu mwingine. Anayesema amefanya sawa na Shifra na Pua wa Misri, waliomcha Mungu kuliko kumwogopa mfalme, na watoto wakaishi.

Lakini mtatuambia: «Wachungaji, njia iko wapi?» Ni kweli, na hatutaki kuandika kama watu wasiojua. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa ni msitu. Katika milima ya Masisi mvua ikinyesha hata pikipiki inalala kwenye matope. Na vita? Januari 2025 Masisi-centre ilichukuliwa na M23. Mwezi wa Machi Walikale-centre nayo ikachukuliwa, nao wakaiacha mwezi wa Aprili. Siku za namna hiyo, nani atambeba mama usiku kupita vizuizi vya watu wenye silaha? Mama aliyefungiwa njia akazalia nyumbani hana hatia yoyote. Asihukumiwe na mtu, wala asijihukumu.

Ndiyo sababu tunasema safari ya mapasa isingoje usiku wa uchungu. Huko Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walianza kusaidia hospitali kuu mwaka 2007, palipangwa makao karibu na hospitali, ili wamama wenye mimba za hatari wafike kabla ya wakati na kungojea pale. Shauri hilo ni la hekima, na hata pasipo na makao ya namna hiyo familia inaweza kulifuata: kutafuta ndugu au mkristo mwenzetu anayekaa karibu na hospitali, na kumpeleka mama kwake majuma machache mbele, njia ikiwa bado wazi.

Hapa tunapaswa kutubu sisi wenyewe. Mara ngapi tumesimama kwenye kaburi la mama, watoto wake wakilia, tukasema ni mapenzi ya Mungu? Je, ni Mungu aliyekataa kuuza mbuzi? Ni Mungu aliyesema bibi yake alizaa kumi nyumbani, kwa nini huyu aende? Ni Mungu aliyewakosa vijana wanne wa kubeba tipoyi? Tumempa Mungu mzigo ambao ni wetu. Pesa za ngoma za mapasa zinapatikana upesi. Pesa za safari ya mama yao hazionekani.

Kwa hiyo, wababa, tangu mwezi wa sita wekeni kitu kando. Vijana wa kanisa, tipoyi iwe tayari, na majina ya wabebaji yajulikane. Wamama wazalishaji, msitoe dawa za miti za kuharakisha uchungu, maana tumbo linaweza kupasuka. Na ikiwa njia imefungwa kabisa na saa imefika, fanyeni hivi: mikono safi, wembe mpya, kitovu cha wa kwanza kifungwe pande zote mbili kabla ya kukatwa, maana damu ya wa pili inaweza kutokea hapo, msivute kwa nguvu, watoto wakaushwe na kulazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wanyonye. Tena asubuhi, njia ikifunguka, wote watatu waende kwa muuguzi, hata kama wanaonekana wazima.

Tuombe, ndugu zetu. Tuombe kabla ya safari, tuombe njiani, tuombe mlangoni pa hospitali. Kuomba na kubeba tipoyi ni kazi za watu walewale. Na yule Mama Mapasa atakaporudi kanisani na watoto wawili mgongoni na kifuani, hakuna atakayemwuliza alizalia wapi. Tutaimba tu.

Bwana awalinde wamama wetu wote wa Masisi na Walikale. Amina.