Kata Kwanza, Mwanangu

Wanangu, haya nimeyasema mpaka sauti imechoka. Nayarudia kwa sababu kila kijana anayeingia karakanani huja na mkono mwepesi wa kuchomelea na mkono mzito wa kukata.

Mwili wa Piper Super Cub, ndege ambayo walinzi wa wanyamapori Kenya wameirusha miaka mingi, ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa moto kisha yakavishwa kitambaa. Huko mkiani, unene wa ukuta wa mabomba mengi haufiki milimita 1. Ndege hii ikisimama hukalia mkia wake, kwa hiyo maji yakiingia ndani ya bomba huteremka mpaka karibu na gurudumu la nyuma, yakatulia hapo. Kutu huanza kwa ndani, na rangi ya nje inabaki inang'aa.

Basi usiiamini rangi. Fungua kitambaa, safisha mpaka chuma cheupe kionekane, kisha chukua tindo yenye ncha ugongegonge upande wa chini. Ikizama, hakuna mjadala tena: bomba hilo limekwisha, nawe ukate mpaka ufike kwenye chuma kizima.

Najua kishawishi kinachokujia hapo. Mwenye ndege anaharakisha, ufa ni mdogo, na mtungi wa gesi uko karibu. Unajiambia utapitisha moto juu ya kiungo cha zamani, upake rangi, nani atajua? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwongozo wa Marekani ambao mafundi wengi wa ndege huufuata, AC 43.13-1B, unakataza kuchomelea juu ya kiungo kilichokwisha kuchomelewa, na unakataza vilevile pale palipowahi kuungwa kwa shaba. Moto wa pili hukifanya chuma kiwe chepesi kupasuka, na shaba iliyoyeyuka hupenya ndani ya chuma na kukidhoofisha. Ondoa cha kale chote, ndipo uanze.

Kabla ya kukata, ifunge fremu isicheze, upime na kuandika vipimo, maana chuma kikipoa hujivuta na kuupinda mkia. Bomba jipya lisiungwe kwa mkato wa kuzunguka moja kwa moja. Tia bomba la ndani na ukate kwa mshazari wa nyuzi 30, au vika bomba la nje lililochongwa ncha zake kama mdomo wa samaki, ili joto na mzigo visiangukie mstari mmoja. Tumia tupa mpaka vipande vikae vyenyewe. Waya wa kuchomelea haukuletwa kuziba uzembe.

Chuma chenye kromi na molibdeni hukakamaa kikipoozwa ghafla. Usikimwagie maji wala usikipepee. Funga mlango, zima feni, kiache kipoe chenyewe, kwa kuwa ufa unaoletwa na kupoa haraka hujitokeza pembeni mwa mshono, baada ya wewe kwenda nyumbani. Acha tundu dogo la hewa, la sivyo hewa ya moto iliyofungiwa ndani itaupasua mshono wako wa mwisho. Ukimaliza, pitisha mafuta ya kitani yaliyopashwa moto ndani ya bomba, yamwage, kisha uzibe tundu.

Usipige tupa mshono ili upendeze. Unene ule unaoufuta ndio nguvu yenyewe. Na kama unatumia umeme na agoni, usisafishie chuma kwa dawa yenye klorini. Mwanga na joto vyaweza kuigeuza kuwa gesi ya fosijini, nayo huua mapafu.

Kitambaa kikirudi, kazi yako haionekani tena. Rubani ataruka chini juu ya vichaka akiutegemea mkia ule, na hatakujua wala hatakuuliza. Kwa hiyo ukilifungua bomba ukakuta ubovu umezidi kazi uliyoagizwa, mwambie mwenye ndege siku hiyohiyo, na umtajie gharama na siku bila kupunguza. Akikasirika, mvumilie. Akikuamrisha ufunike, weka kalamu chini, usitie sahihi. Kazi nyingine utapata, mwanangu; rubani yule hana roho nyingine.