Fatwa na Nafsi ya Mwenye Kuuliza

Mtu akizozana na mkewe, au akidaiwa fedha asizozikiri, au akaachishwa kazi pasipo kuelezwa sababu, aghalabu alitakalo kwanza si kuijua haki bali ni kumpata mwenye elimu atakayemwambia kuwa haki ni yake. Na hapo huzuka suala ambalo kwangu ni zito kuliko sheria yenyewe: je, jawabu la mwanachuoni humtoa mwulizaji katika dhima, ilhali yeye ajua kuwa ameficha nusu ya habari?

Wanavyuoni wa pwani yetu, wafuatao madhehebu ya Imamu Shafi, hupambanua baina ya fatwa na hukumu. Fatwa ni shauri la kielimu lijengwalo juu ya maneno ya mwulizaji peke yake, wala halimlazimishi mtu. Hukumu ni ya kadhi aliyewasikiliza wagomvi wote wawili na mashahidi wao, nayo hulazimisha. Walakini hata hukumu hiyo, kwa madhehebu haya, hupita katika dhahiri tu, haigeuzi batini: aliyepewa shamba la mirathi kwa ushahidi wa uongo amekula haramu, hata hati ikiwa na muhuri. Imamu Abu Hanifa alikuwa na rai nyingine katika mambo kama nikaha na talaka, wala si rai ya kudharauliwa, lakini mimi siioni kuwa yamtuliza mwenye dhamiri.

Mtazame mume aliyetamka talaka tatu, naye sasa amejuta. Humwendea sheikh mmoja, kisha wa pili, kisha wa mtaa wa mbali asikojulikana, na kila mlango auingiapo ghadhabu aliyokuwa nayo siku ile huzidi na idadi ya talaka hupungua, hata apate fatwa aliyoitaka tangu mwanzo. Masheikh hawakumdanganya, kila mmoja alijibu alichoulizwa.

Wala tabia hii haiko katika mambo ya dini tu. Nchini Kenya katiba ya 2010 imemwachia kadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Madai ya mshahara yana mahakama yake. Tanzania, aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ole wake azimalizaye kwa kuzunguka akitafuta wa kumsifu. Huko nako, mfanyakazi asiyemtajia wakili wake barua ya onyo aliyoitia saini kwa mkono wake, ataisikia ikisomwa na mwajiri.

Kwa hiyo namsihi mwenye shauri aanze kwa kulitaja lile linalomuumbua, ndipo aulize. Na akijibiwa asilolipenda, asitoke kwenda kwa mwingine kabla ya kutaka aelezwe hoja ya jawabu lile la kwanza.