Hitima ya Maiti na Uji wa Aliye Hai



Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23, ametukataza kuwatamkia wazazi waliofikia uzee hata neno dogo la kuchoshwa nao. Basi amfungiaye mama yake chumbani tangu alfajiri hata magharibi, je, hakulisema neno hilo kwa kitendo?

Udhuru twaujua. Wako vijana wetu walioondoka pwani na wazazi wao, wakapanga chumba kimoja Kibera, au Kongo ya Kawangware, huko Nairobi. Kijana asipokwenda kibaruani, siku hiyo hapana chakula. Serikali, kwa mpango wa Inua Jamii, humpa mzee aliyeandikishwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, lakini shilingi haimshiki mtu mkono kumpeleka chooni.

Hata hivyo, maskini wa mitaa kama hiyo wanatufundisha. Jirani abakiye nyumbani huwakalisha wazee wawili watatu mlangoni pake. Huyu huleta unga, yule sukari. Mzee hunywa uji, hukumbushwa dawa yake, hupata wa kuzungumza naye. Hapana ofisi wala daftari. Pana ujirani tu.

Na sisi wa miji ya pwani, wenye baraza, misikiti na madrasa, tuna udhuru gani? Twangoja mzee afe, ndipo tuchange mchele na mbuzi wa hitima! Nasi tuandikao haya tumekaa kwenye sinia hizo mara nyingi, wala hatukuuliza marehemu alikula nini katika mwezi wake wa mwisho. Astaghfirullah.

Imepokewa kuwa Sayyidna Omar alimwona mzee wa Kiyahudi akiomba milangoni, akampa kitu cha nyumbani kwake, kisha akaamrisha apewe haki katika Baitulmali. Ikiwa huyo alipewa haki, mzazi wetu je?

Shauri letu ni hili. Asubuhi, watoto waendapo skuli, vyumba vya madrasa huwa vitupu. Kila mtaa ufungue kimoja kwa wazee. Wanawake wawili wawaangalie kwa zamu, walipwe kutokana na sadaka. Vijana wawachukue wasioweza kutembea. Na fedha za hitima zitiwe katika chungu cha uji.

Jeneza letu hugombewa na mabega mia. Aliye hai ahitaji bega moja tu.

Wabillahi taufiki.