Hiari ya Mwenye Njaa

Mtu aliyekosa chakula huhurumiwa. Akataaye chakula kilicho mbele yake hulaumiwa. Husemwa kuwa ana kiburi, au anawatesa wazazi wake. Lawama hiyo husimama juu ya dhana moja, kwamba akataaye hukataa kwa hiari yake.

Mwaka 1873 matabibu wawili, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, walieleza, kila mmoja mbali na mwenziwe, ugonjwa wa wasichana waliojinyima chakula hata wakakonda mno. Gull aliuita anoreksia, yaani kukosa hamu ya kula. Jina hilo limedumu, ijapokuwa lina kosa. Maana wengi wa wagonjwa hao hukiwaza chakula usiku na mchana, huwapikia wengine kwa bidii, na wenyewe hawali.

Ushahidi mkubwa juu ya jambo hili ulitoka kwa watu wasiokuwa wagonjwa. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao, wakajitolea kwa uchunguzi huo. Kwa majuma 24 walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakuanza kwa tamaa ya wembamba. Hata hivyo njaa iliwageuza tabia. Baadhi yao walisoma vitabu vya mapishi kama wasomavyo wengine hadithi. Walichezea chakula sahanini kwa muda mrefu, wakajitenga na wenzao, wakawa wepesi wa hasira. Walipoanza kulishwa tena, wako waliokula hata matumbo yakauma, na bado wakajiona wana njaa.

Basi mengi yaitwayo ukaidi ni kazi ya njaa yenyewe. Mengi, si yote. Kwani hofu ya kunenepa ina mizizi mingine, na urithi wa damu ni mmoja wao.

Hapo swali la uadilifu huwa gumu. Kumlazimisha mtu kula ni kuvunja hiari yake. Lakini kama njaa imekwisha kuiteka hiari hiyo, asemaye “sitaki” ni nani? Aheshimuye kila kukataa huenda akaheshimu ugonjwa badala ya mgonjwa. Naye ategemeaye nguvu peke yake huweza kuuongeza uzito wa mwili asiipunguze hofu hata chembe.

Gull aliwaona jamaa wa mgonjwa kuwa wauguzi wabaya kuliko wote. Baada ya karne moja na zaidi, matabibu wa hospitali ya Maudsley, London, waliwarudisha wazazi mezani. Mzazi huamua kiasi cha chakula, huketi kando ya mwanawe, hangombezi, wala haondoki. Mwili ukipata nguvu, mtoto hurudishiwa uchaguzi kidogo kidogo. Utafiti wao wa mwaka 1987 uliona faida ya njia hiyo kwa vijana ambao ugonjwa wao haujapita miaka mitatu. Kwa wagonjwa wakubwa faida hiyo haikuonekana.